Dakota Haikuwa Jalala

Jambo hili nimeshalisema mara nyingi, na leo nalirudia kwa sababu juzi nimelisikia tena uwanjani, watu wakimsema Hasheem Thabeet, mchezaji wetu wa mpira wa kikapu: "Hasheem alitupwa Dakota." Alitupwa! Mtu akishalitamka neno hilo, mazungumzo yamekwisha. Mimi naomba tuyaanzie pale yalipokatiwa.

Ya mwanzo mnayajua, sitayarefusha. Kijana wa Dar es Salaam, urefu mita 2.21, akapita Chuo Kikuu cha Connecticut, akawa chaguo la pili, nyuma ya Blake Griffin, katika drafti ya 2009, yaani uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani. Februari 2010, Memphis Grizzlies, timu yake ya NBA, wakampeleka Dakota Wizards, timu ya ligi ya maendeleo ya NBA, ligi ya chini wanakopelekwa wachezaji wachanga waive. Hadi siku ile, hakuna mchezaji wa chaguo la juu kiasi kile aliyekuwa amepelekwa kwenye ligi ile. Magazeti yakang'ang'ania hapo, na sisi tukang'ang'ania hapo hapo. Nani kati yetu aliuliza hiyo Dakota ni timu gani?

Basi sikilizeni. Wizards walizaliwa 1995 katika mji wa Bismarck, makao makuu ya jimbo la North Dakota, kando ya mto Missouri. Mji wenyewe, kwa sensa ya 2010, ulikuwa na watu kama 61,000. Ziko kata za Dar es Salaam zinazouzidi. Ni mji wa theluji na baridi ya kukata mifupa, hauna timu ya NBA wala dalili ya kuipata. Lakini mji huo ulilea timu ya kulipwa kwa miaka 17, na timu hiyo ikatwaa ubingwa mara nne katika ligi tatu tofauti: ligi ndogo mbili, IBA mwaka 2001 na CBA mwaka 2002 na 2004, kisha ligi ya maendeleo mwaka 2007. Ligi ikifa au ikibadilika chini ya miguu yao, wao wanahamia nyingine na kushinda huko pia. Hilo ndilo jalala mnalolisema?

Na hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo. Yuko mtu anaitwa Dave Joerger. Hakuwahi kucheza NBA. Alianza kazi Bismarck, katika ofisi ya Wizards; mwaka 2000 akakabidhiwa timu awe kocha mkuu. Mataji yote manne niliyoyataja ni yake. Katikati hapo aliondoka kwenda kwa jirani, Sioux Falls Skyforce, akawapa ubingwa wa CBA wa 2005, kisha akarudi Dakota. Fainali ya 2007 dhidi ya Colorado 14ers ilifika dakika za nyongeza, na Darius Rice wa Dakota akafunga pointi 52. Hamsini na mbili, kwenye fainali! Baada ya mchezo ule Joerger aliitwa Memphis kuwa kocha msaidizi, na mwaka 2013 akawa kocha mkuu wa Grizzlies.

Mmeona ninakokwenda? Hasheem alipopelekwa Dakota mwaka 2010, kwenye benchi la Memphis alikokuwa anatoka aliketi kocha aliyetengenezwa na Dakota. Njia ni ile ile moja. Mmoja aliipanda akaitwa hodari, mwingine akatumwa kuishika akaambiwa ametupwa. Nikilifikiria hili nachoka.

Najua mtu atasema: mwalimu, kocha na mchezaji ni vitu viwili, na Hasheem alishalipwa mamilioni, alipaswa kuwa tayari. Nakubali alilipwa, na mshahara uliendelea kutoka Memphis hata alipokuwa Bismarck. Ndivyo utaratibu ulivyokuwa. Lakini mchezaji mrefu anaiva kwa kucheza. Anaiva kwa kukosea faulo, kusahihishwa, kurudi tena kesho yake. Memphis msimu ule alikuwa na wastani wa pointi 3.1. Pointi hizo mnazikariri kama sala. Dakika alizopewa hamzitaji. Dakota ilimpa dakika, na kabla msimu haujaisha Memphis walikuwa wameshamrudisha. Kosa langu na ninyi ni kudhani safari ile ilikuwa adhabu. Mimi naona ilikuwa fupi mno.

Mtu mwingine atasema haya ni maneno ya kujifariji. Haya, mtazameni Pascal Siakam wa Cameroon. Toronto Raptors wa NBA walimteremsha Raptors 905, timu yao ya ligi ya maendeleo, akatwaa ubingwa wa ligi hiyo 2017 na kuwa mchezaji bora wa fainali. Miaka miwili baadaye akabeba ubingwa wa NBA wenyewe. Jeremy Lin wa New York Knicks alikuwa Erie, timu nyingine ya ligi ya maendeleo, Januari 2012. Februari dunia nzima ilikuwa inamwimba. Vijana ninaowafundisha wakiitwa timu ya pili wananuna, wengine wanaacha mazoezi kabisa. Wamejifunza wapi kununa? Kwetu sisi, kwa neno lile "alitupwa".

Nilitaka pia kueleza jinsi CBA ilivyouzwa 1999 na kufa mapema 2001, na namna timu kama Dakota zilivyoifufua mwaka ule ule, lakini naona mwenyekiti anatazama saa. Nimalizie la Bismarck. Mwaka 2011 Golden State Warriors, timu ya NBA, waliinunua Wizards, na 2012 wakaihamishia California, ikawa Santa Cruz Warriors. Mwaka 2015 ikatwaa ubingwa wa ligi ya maendeleo huko, karibu na bahari. Bismarck wakabaki na ukumbi wao na theluji yao. Watu wale walilipa viingilio miaka 17, na yule mrefu wa Dar es Salaam aliposhuka pale kwenye baridi, walimpokea kama mchezaji wao. Karibuni kwa maswali.