Kamba ya katani na sindano ya kila mwezi

Wanangu, asanteni kwa kuniita. Mimi ni nesi mstaafu, wodi ya akili nimeifanyia kazi miaka mingi sana, na leo sina mengi, nataka tuongelee nani anamsikiliza mgonjwa.

Nyie wa Tanga mnaijua Lutindi, kule milimani Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani waliianza 1896 kulea watoto waliokombolewa utumwani, baadae ndo ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Enzi hizo dawa hakuna, mgonjwa anapewa kitanda, kazi ya shamba, basi. Na huko Ulaya kuna waliopasua wagonjwa wa akili mpaka ubongo eti kuwatibu, yule Mreno aliyeanzisha, Egas Moniz, wakampa Nobel mwaka 1949! Inaniuma mpaka leo nikiwaza wale waliopasuliwa.

Halafu 1952 pale Paris, madaktari Delay na Deniker wakaanza kuwapa wagonjwa kloropromazini, dawa ya ugonjwa wa akili, hii hii Largactil tunayoijua, na hapo kazi yetu ikabadilika kabisa maana mtu aliyekuwa anapiga kelele usiku kucha, anajibizana na sauti, baada ya muda unamkuta ametulia anaomba chai. Kwahiyo mimi dawa siidharau hata kidogo.

Sasa kuna kaka mmoja, jina simtaji. Aliletwa kliniki amefungwa kamba ya katani, mikono nyuma, wajomba zake wanne wamemshika, walishamzungusha kwa waganga apungwe pepo mpaka hela ikaisha. Kamba ilishaingia kwenye nyama, kovu analo hadi leo. Akaanza sindano, ile ya mwezi mara moja, akapona vizuri tu akawa anauza madafu. Ila kila akija ni dozi ileile, anachomwa, mwingine aingie, miaka inaenda hivyo, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomchoma.

Siku moja foleni fupi nikakaa nae. Akaniambia, "Nesi, hii sindano imenipa mikono ya kizee, panga linanitoka." Akanyoosha mikono, inatetemeka kama jani! Nikamuita daktari, dozi ikapunguzwa, na hayo maongezi hata dakika kumi hayakufika.

Kwahiyo kesho mkiingia kliniki, kabla hamjashika bomba la sindano mwambieni anyooshe mikono, muiangalie, na mumuulize anafanya kazi gani.