Vyumba vya Doom: Miaka 30 ya Mashabiki Kujenga Juu ya Kazi za Wenzao

Haya jamani tuanze, mliosimama huko nyuma sogeeni mbele, viti bado vipo. Leo naongelea gemu moja tu, Doom, ile gemu ya kompyuta ya kupigana na mazimwi, na mnivumilie kwa sababu hili jambo nalipenda sana na nikishaanza huwa sikomi haraka. Siongelei namna ya kuicheza. Naongelea watu ambao tangu 1994 mpaka leo wanaifungua, wanaichokonoa, wanatoa ukuta huu wanaweka ule, wanabadilisha mazimwi yake, na wakimaliza wanampa mwenzao bure aendelee pale walipoishia. Gemu nzuri ziko nyingi tu na zimesahaulika, hii imeishi kwa sababu kila hatua alikuwepo mtu aliyemwachia mlango wazi anayekuja nyuma yake, na kuna nyakati mlango ulifungwa, hizo nazo nitawaambia.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1992 kampuni ndogo ya vijana wa Marekani, id Software, ilitoa Wolfenstein 3D. Hiyo gemu haikutengenezwa ili ichokonolewe lakini watu wakaichokonoa hivyo hivyo, wakagundua mafaili ya ramani yamepangwaje, wakaandika edita zao, yaani programu za kuchorea na kubadilishia ramani, kuna mpaka aliyetoa sura ya bosi wa mwisho akaweka Barney, yule dinosaria wa zambarau wa vipindi vya watoto. Shida ilikuwa moja, ukibadilisha ndio umebadilisha, unaandika juu ya faili lenyewe la gemu, ukiharibu ndio basi, na ukitaka kumpa mwenzako kazi yako inabidi umpe na mali ya kampuni iliyochanganyika humo humo. Kampuni nyingine ikiona hivyo inaita mawakili. John Carmack, aliyeandika injini ya gemu, yaani programu yenyewe inayoiendesha, na mwenzake John Romero waliona mambo hayo wakafurahi, na gemu iliyofuata wakaijenga ili kazi hiyo iwe rahisi.

Sasa sikilizeni vizuri hapa maana hapa ndio penyewe. Doom ilitoka tarehe 10 Desemba 1993, ikapakiwa kwenye seva ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, watu wakaikimbilia kwa wingi mpaka mtandao wa chuo ukazidiwa. Hiyo stori wengi mnaijua. Kinachosemwa kidogo ni namna ilivyokuwa imepangwa ndani. Injini iko peke yake, halafu ramani, picha, sauti, muziki, vyote viko kwenye faili la pembeni linaloishia na herufi WAD, ambazo ni kifupi cha swali la Kiingereza, "Where's All the Data?", yaani data zote ziko wapi? Na WAD ziko za aina mbili, ile kuu inayokuja na gemu, na ile ya kiraka. Kiraka unakitengeneza wewe, unakiweka pembeni, ukiwasha gemu unaiambia isome na hiki, ikikuta humo ramani yenye jina lilelile inachukua ya kwako na kuiacha ya kwao. Faili kuu halijaguswa hata herufi moja. Ukizima ukawasha tena bila kiraka, gemu iko vilevile ulivyoinunua. Kwahiyo unaweza kumpa mtu kazi ya mikono yako tupu, bila kumpa hata punje ya mali ya mwingine, na yeye ili aicheze inabidi awe na gemu halali. Mashabiki wanafaidi, kampuni inauza.

Lakini msidhani walipewa na kitabu cha maelekezo, hapana. Edita ya kampuni ilikuwa ya kompyuta za NeXT ambazo mtu wa kawaida alikuwa hana. Kwahiyo watu wakakaa na lile faili wakawa wanasoma namba moja moja, hii inaelekea ni urefu wa sakafu, hii inaelekea ni mwanga, badilisha, washa gemu, angalia kimetokea nini. Januari 1994, mwezi na kitu tu tangu gemu itoke, ikatokea edita ya kwanza ya maana, inaitwa DEU, ya Brendon Wyber aliyekuwa New Zealand na Raphaël Quinet aliyekuwa Ubelgiji. Hebu fikirieni, intaneti ya wakati ule, hakuna video, hakuna simu ya bure, watu wawili pande mbili za dunia wanatumiana barua pepe kuhusu kuta.

Na pagumu zaidi palikuwa hapa. Ramani ya Doom inachorwa kama unaitazama kutoka juu, nukta, mistari, na eneo lililozungukwa na mistari linapewa urefu wa sakafu, urefu wa dari na kiasi cha mwanga. Hiyo ni rahisi. Ila kompyuta za wakati ule zilikuwa hazina nguvu ya kupiga hesabu kila sekunde kwamba ukuta upi umejificha nyuma ya ukuta upi, kwahiyo Carmack alitumia ujanja, ramani inakatwakatwa mapema vipande vidogo vidogo na kupangwa kama mti, matawi juu ya matawi, gemu ikiwaka inafuata tu matawi na kujua kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Bila huo mti ramani yako ni mchoro tu, haichezeki. Na programu ya kuupanda huo mti mashabiki hawakuwa nayo! Ikabidi waelewe wenyewe nadharia yake na waiandike upya. Mtu mmoja, Matt Fell, akakusanya yote yaliyogunduliwa kuhusu mafaili haya kwenye waraka mrefu akaugawa bure, na waraka ule umefundisha watu wengi kuliko madarasa mengi ninayoyajua mimi.

Machi 1994 ikatoka ORIGWAD, inayotajwa kuwa ramani ya kwanza ya shabiki. Ni kadogo, unakamaliza upesi. Lakini Novemba mwaka huohuo, miezi minane tu mbele, Justin Fisher anatoa Aliens TC, gemu nzima imegeuzwa kuwa ulimwengu wa zile filamu za Aliens, sauti mpya, maadui wapya, na ramani ya kwanza haina adui hata mmoja, unatembea kwenye korido tupu unasubiri kushambuliwa na hushambuliwi, mpaka mikono inatoka jasho. Huyu hakuwa mfanyakazi wa kampuni yoyote ya gemu. Kwangu mimi hiyo korido tupu ndio ushahidi kwamba hawa watu walikuwa wasanii, maana mtoto akipewa edita anajaza maadui kila kona, msanii anajua kuwaondoa.

Kuna desturi moja ya wakati ule naipenda kuliko zote. Kila kiraka kilikuwa kinakwenda na faili dogo la maandishi. Jina la kazi, jina la mwandishi, edita aliyotumia, muda aliotumia kujenga, kasoro anazozijua, na sehemu ya shukrani, nani kamsaidia, picha kachukua kwa nani. Halafu chini kabisa kuna sentensi ya ruhusa, unachagua mwenyewe, wengine wanaruhusiwa kutumia ramani hii kama msingi wa ramani zao, au hawaruhusiwi. Hakuna mwanasheria aliyewasimamia. Na kampuni nayo ilikuwa na ombi lake, kwamba zana zisifanye kazi kwenye toleo la bure la gemu, zifanye kwenye lililolipiwa tu, na waandishi wa edita wakaheshimu, DEU ilikuwa inakataa kuhifadhi kazi yako kama hujanunua gemu. Mimi nilijifunza kujenga kwa kufungua ramani za watu walioandika "wanaruhusiwa", nikawa najiuliza huyu ngazi kaziwekaje, huyu mwanga kaupataje, na mpaka leo yale majina nayakumbuka kama ya walimu wangu.

Sasa mlango ulipofungwa. Kikundi kimoja kiliitwa TeamTNT, mashabiki watupu, walijenga seti nzima ya ramani 32 za Doom II, Evilution, na waliahidi kuitoa bure. Mwishoni mwa 1995, siku chache kabla ya kuitoa, id wakainunua. Ikaja kutoka 1996 ndani ya boksi la Final Doom, pamoja na Plutonia ya ndugu wawili Dario na Milo Casali. Watu walikasirika sana, walikuwa wamesubiri zawadi wakaambiwa nendeni dukani. Mimi siwalaumu, kazi yao ilistahili malipo na hakuna aliyeibiwa chochote, ila nawaelewa pia waliokasirika, kwa sababu wengi wao walikuwa wanatoa zao bure wakiamini kila mtu anatoa.

Subirini lakini, TeamTNT hawajaishia hapo.

Tarehe 23 Desemba 1997 Carmack akafanya jambo ambalo kampuni chache zilikuwa zimewahi kulifanya, akaachia msimbo wa injini yenyewe, yaani maandishi ya programu ambayo mtu anaweza kuyasoma na kuyabadilisha. Sio ramani tena, injini! Sehemu ya sauti ya toleo la DOS haikuwa mali yao kwahiyo walichoachia ni msimbo wa toleo la Linux. Mara moja watu wakaanza kuihamisha kwenye mifumo mipya. Ila leseni ya kwanza haikumlazimisha mtu kutoa msimbo wake baada ya kubadilisha, na hapo ndipo likatokea la glDoom. Hii ilikuwa injini iliyorekebishwa itumie kadi za michoro, watu wameipenda, msimbo wake uko kwenye kompyuta ya mwandishi peke yake, diski ikafa, kazi ikasimama palepale. Hakuna aliyeweza kumsaidia maana hakuna mwingine aliyekuwa na nakala. Nikiisimulia hii hata leo inaniuma. Oktoba 1999 msimbo ukatolewa upya chini ya leseni ya GPL, ambayo inasema ukibadilisha na ukagawa, na msimbo wako unautoa.

Na TeamTNT? Walewale wa Evilution, mwaka 1998 walitoa injini yao, Boom, wakauweka wazi msimbo wake. Doom ya asili ilikuwa na vikomo vyake, mfano ilikuwa inaweza kushika vipande 128 tu vya sakafu na dari vinavyoonekana kwa mpigo mmoja, ukizidisha gemu inaanguka, kwahiyo wajenzi walikuwa wanabana vyumba na kuzuia madirisha ili tu jicho lisione mbali. Boom ikaviondoa hivyo vikomo, ikaongeza milango ya aina mpya, maji yenye kina, sakafu zinazosafirisha, na ikawa ndio kipimo, mtu akitoa ramani anaandika "inahitaji Boom" na injini nyingi zilizofuata zikaielewa. Agosti 2024 wenye gemu walipotoa upya Doom na Doom II kwa mashine za sasa, ndani yake waliweka uwezo wa kuchezesha kazi za Boom. Yaani kipimo cha mashabiki kimekuwa cha kampuni, baada ya miaka 26.

Toleo hilohilo la 2024 lilikuja na sehemu ya kupakia kazi za mashabiki, na siku za mwanzo tu watu wakaanza kupakia kazi ambazo sio zao, bila ruhusa, nyingine bila hata jina la mwenyewe. Kelele zikapigwa, wengine wakaona ni jambo dogo, eti si ni za bure? Ni za bure ndiyo, lakini malipo pekee ya hawa watu tangu 1994 ni jina kwenye lile faili dogo la maandishi. Ukiliondoa jina umechukua kila kitu.

Wenzetu wa gemu nyingine hawakuwa na bahati hii, nipite haraka. Wanaobadilisha gemu za Nintendo na Sega za zamani walijifunza kugawa tofauti tu, kiraka kidogo unachokipaka juu ya nakala yako, wazo lilelile, ila wao walijitengenezea wenyewe bila kuachiwa mlango na mtu. Na mwaka 2016 AM2R, yaani gemu ya pili ya Metroid ya Nintendo iliyojengwa upya na shabiki kwa takriban miaka 10, ilitoka Agosti na ndani ya siku chache Nintendo wakaiondosha.

Kwa Doom, Romero mwenyewe, aliyejenga ramani za kwanza, alirudi 2019 akatoa SIGIL, ramani 9 mpya, bure, kwa kutumia zana zilizotengenezwa na mashabiki. Na Machi 2023 ikatoka MyHouse, inaanza kama nyumba ya kawaida ya mtu, sebule, jikoni, ngazi, unatoka nje unarudi ndani na nyumba sio ileile, chumba kimehama, mlango uliopita haupo, na inaendelea hivyo masaa. Kitu kama hicho injini ya 1993 haiwezi, inatumia GZDoom, injini ya mashabiki, ambayo imetokana na ZDoom, ambayo imetokana na ule msimbo wa Desemba 1997.

Nimalizie na edita maana ndio nimeiwasha hapa. DEU ya Wyber na Quinet msimbo wake uliachwa wazi. Kutokana nao akaja mtu akatengeneza Yadex kwa ajili ya Linux, akauacha wazi. Kutokana na Yadex akaja mwingine akatengeneza Eureka, na Eureka ndio hii mnayoiona kwenye skrini. Nimeshachora mistari minne, sakafu sifuri, dari 128, mwanga nimeuweka hafifu kidogo. Huyu kamshale ni mchezaji. Sasa mwenye laptop afungue tujenge wote, na nyie wa mbele hebu niambieni, mlango tuuweke ukuta gani?