Treni za Muda za New York na Reli Zinazolala Bila Kazi

Ndugu wasikilizaji, mada niliyopewa ni usafiri wa dharura katika miji mikubwa. Sitazunguka dunia nzima. Nitatua New York, na huko nitashughulika na aina moja tu ya treni, ile inayokwenda na kurudi kati ya vituo vichache kwa sababu njia kuu imekatika. Wengi wetu tukisikia treni ya muda hudhani kwamba kazi kubwa ni kutafuta mabehewa na madereva. Mabehewa hupatikana. Shida ni mahali pa kugeuzia treni, umeme wa kuiendesha na nafasi ya kuilaza usiku, na mambo hayo hayajengwi ndani ya wiki tatu: ama yamekuwapo tangu zamani, ama hayapo.

Rockaway ni ulimi mwembamba wa mchanga kusini mwa wilaya ya Queens, Atlantiki ikiwa upande mmoja na ghuba ya Jamaica upande wa pili, na treni ya A, mojawapo ya treni za jiji zinazoitwa kwa herufi, huufikia kwa kuivuka ghuba hiyo. Reli hiyo ilikuwa mali ya kampuni ya Long Island Rail Road hadi daraja lake la mbao lilipoungua mwaka 1950, jiji likainunua, likaijenga upya, na treni za jiji zikaanza kupita mwaka 1956. Tarehe 29 Oktoba 2012 kimbunga Sandy kikapiga, bahari ikazoa kokoto na udongo uliobeba reli karibu na Broad Channel, kisiwa kilichomo ghubani, na safari za kuvuka ghuba zikakoma. Ng'ambo ya pili njia iliyoinuliwa juu ya nguzo za zege ilikuwa imesimama, ila haikuwa na treni hata moja.

Mamlaka ya usafiri, MTA, ikaamua kupeleka treni kwa barabara. Mabehewa 20 ya aina ya R32 yalipakiwa kwenye malori, yakasafirishwa hadi Far Rockaway, kisha yakanyanyuliwa kwa winchi na kuwekwa juu ya reli. Nawaomba mlitazame kwa macho ya moyo behewa moja la aina hiyo: ubavu wa chuma kisichoshika kutu wenye mikunjomikunjo, urefu wa mita 18, uzito unaokaribia tani 36, limeundwa katikati ya miaka ya 1960, nalo limelala juu ya tela kama ng'ombe aliyefungwa miguu. Tarehe 20 Novemba treni iliyopewa herufi H ikaanza kwenda na kurudi kati ya Far Rockaway na Beach 90th Street, bila nauli, hadi mwisho wa Mei 2013 treni ya A iliporejea.

Sasa tazameni njia yenyewe. Reli inapotoka ghubani hugawanyika katika pembetatu iitwayo Hammels Wye, tawi moja likielekea mashariki, Far Rockaway, na jingine magharibi, Rockaway Park. Upande wa tatu wa pembetatu, ule unaounganisha matawi hayo mawili bila kupitia ghubani, katika ratiba ya kawaida hauna treni ya abiria hata moja. Mhasibu akiukagua, atauliza kwa nini tunalipia matengenezo yake, na kwa hesabu za siku za kawaida swali lake ni halali. Ila H isingeweza kufika Beach 90th Street, iliyoko kwenye tawi la magharibi, kwa njia nyingine yoyote.

Hata njia ikiwapo, hesabu ya treni ya namna hii ni kali. Tuseme safari ya upande mmoja huchukua dakika 15 na kugeuza dakika 5. Mzunguko mzima ni dakika 40, kwa hiyo zikiwapo treni mbili, moja humfikia abiria kila baada ya dakika 20, na ya tatu hupunguza hadi 13 hivi. Dereva anapofika mwisho hufunga chumba chake, hushika funguo zake na kutembea urefu wote wa treni hadi kichwa cha upande wa pili. Ndiyo maana katika vituo vyenye msongamano dereva mwingine huwa amekwisha kusimama kule mwisho, anaisubiri treni iingie.

Mfano wa pili una umri wa zaidi ya karne moja. Reli ya kwanza ya chini ya ardhi ya jiji hilo, iliyofunguliwa tarehe 27 Oktoba 1904, ilitoka City Hall, ikapanda hadi Grand Central, ikakata kona kufuata 42nd Street hadi Times Square, kisha ikaendelea kaskazini. Mwaka 1918 njia mbili mpya ziliunganishwa na reli hiyo, moja mashariki huko Grand Central na moja magharibi huko Times Square, na kipande cha katikati kikabaki yatima. Treni ya kwenda na kurudi iliwekwa hapo mwezi Agosti, msongamano ukawa mkubwa hata ikafungwa baada ya siku chache, ikafunguliwa tena tarehe 28 Septemba. Sakafu ya mbao ya kupitia abiria ilitandazwa juu ya reli kwa nia ya muda tu. Treni yenyewe ingalipo, na mwaka 2021 ilikamilishiwa jukwaa jipya na kuanza kuvuta mabehewa sita.

Turudi Rockaway. Tarehe 17 Januari 2025 njia ya ghubani ilifungwa tena, safari hii kwa hiari, ili madaraja na reli vikarabatiwe, na treni ya bure ikapita kwenye ule upande wa tatu wa pembetatu kwa muda wa wiki 17, kutoka Far Rockaway hadi Beach 116th Street, mwisho wa tawi la Rockaway Park. Mwezi Mei treni ya A ikarudi, na upande ule ukabaki mtupu kama kawaida yake.