Mnaniuliza maajabu ya Kanada? Jiwe la bibi lipo Igogo

Mwangaluka wana Mwanza, na wakubwa zangu shikamooni. Video hii mmeitaka wenyewe. Kila nikifungua maoni ni lilelile: "Dada, huko umeona maajabu gani?" Nikijibu, najisifu. Nikinyamaza, nimewasahau. Basi leo naongea, wa kununa anune.

Naishi Thunder Bay, huku Kanada, kando ya Ziwa Superior. Linalizidi letu, kilomita za mraba elfu 82 na ushei, Victoria elfu 68 na kitu. Msinitukane, sikulichimba mimi. Baridi ikikolea, ghuba inaganda hadi watu wanatembea juu yake. Mwaka wangu wa kwanza jirani alinichukua, akatoboa barafu kwa keekee kubwa, akageuza ndoo akaikalia, akatumbukiza ndoano. Mara chini ya miguu yangu kitu kikanguruma, halafu kikalia twaa! kama waya wa kuanikia nguo umekatika. Nilikimbia mpaka nchi kavu, kiatu kimoja nikakiacha. Kumbe barafu ikitanuka na kunywea ndivyo inavyolia. Hilo ndilo ajabu langu la huku. La pili ni ada.

Maana wenyeji walinipeleka kutazama jiwe. Jiwe! Limekaa juu ya jiwe lenzake. Tumelipia gari getini, tumetembea saa nzima, nakuta kitu ambacho kwetu Igogo, Mwanza, tungeanikia udaga wa muhogo. Nyuma ya jiko la bibi yangu lipo moja limeinamia mlango tangu sijazaliwa, na ugali unaliwa chini yake. Nikawaeleza kwamba majabali yetu yalikuwa ndani ya ardhi, mvua ikasomba udongo miaka na miaka, yakabaki yamebebana hivyo, nasi tukajenga katikati. Nikawaambia na wadudu wa ziwani wanavyoinuka kama moshi wa tanuri, ukifungua mdomo umeshakula. Na taa za wavuvi wa dagaa usiku wa giza, utadhani kuna Mwanza ya pili majini, mpaka mwezi uwe mpevu ndipo wanapumzika. Wakacheka. Wakataka picha. Sina! Ninazo za Bismarck tu, lile jiwe maarufu la ziwani Mwanza, kama mtalii.

Ningekuja Desemba kuzipiga. Kibali cha kazi kilikuwa kinasubiri kuongezwa, na ukitoka katikati ya hapo, kurudi ni bahati nasibu. Nimelipa ada, nimepiga tena alama za vidole ambazo walikuwa nazo, nimengoja miezi saba. Tiketi ikaniozea. Halafu wewe binamu, unajijua, unaandika kwenye kundi la ukoo eti nimekuwa mzungu. Simu unayoandikia alinunua nani? Tuyaache.

Anayeuliza aje huku au asije, mimi simshauri. Haya ni ya mtu na mtu. Mwenzangu karatasi zake zilitoka ndani ya wiki chache.

Ila aliye Igogo na simu ina chaji, apite kwa bibi. Apige hodi kwanza, mbwa mkali. Anipigie picha lile jiwe, simu ailaze, na mlango wa jiko uonekane, wasije wakasema nimelichora.