Pimeni Stata Ikiwa Inavuta

Ndugu zangu mafundi, nanyi wanafunzi mliosimama huko nyuma, karibuni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilizungumzia jambo hili la kupima umeme stata ikiwa inavuta, na wapo wanaoweza kulimaliza kabla sijafungua kinywa. Nitalirudia hata hivyo, kwa sababu magari yanaendelea kuletwa kwangu yakiwa na betri mpya, stata mpya, na ugonjwa uleule.

Sitaeleza kwa kirefu betri ni nini wala stata, ile mota inayoizungusha injini ili iwake, inafanya kazi gani, hayo mnayajua. Naanzia pale kazi inapoharibikia. Mwenye gari anapiga simu, anasema haliwaki, na fundi hajafungua hata boneti ameshaamua kuwa ni betri. Kaamua kwa kipimo gani? Hata swali la kwanza hajauliza: injini inazunguka ila haishiki, au haizunguki kabisa? Kama inazunguka kwa nguvu yake ya kawaida, basi betri na stata zimeshafanya kazi yao. Kaangalie mafuta, cheche na sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa injini. Leo nazungumzia injini isiyozunguka, au inayozunguka kwa kujivuta.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo. Washa taa kubwa za mbele, kisha mtu azungushe ufunguo huku wewe ukizitazama. Taa zikififia hadi karibu kuzima, betri imeishiwa au vichwa vyake, zile ncha za chanya na hasi, havijashika. Zikibaki kung'aa vilevile na stata iko kimya, amri ya ufunguo haijafika kwenye stata. Ukisikia ta-ta-ta-ta ya haraka, ni solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, inavuta, mkondo mkubwa unaingia, volti zinaporomoka, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Hapo tafuta betri dhaifu au kibanio cha waya kwenye kichwa cha betri kilichoota ule unga mweupe. Lakini ukisikia "tak" moja nzito, kisha kimya, na taa bado zina mwanga mzuri, hapo ndipo pesa za watu zinapopotea bure. Hapo ndipo nitakapokaa.

Fundi anachukua mita ya umeme, anagusa betri, anasoma volti 12.6. Anasema betri nzima. Betri ya risasi ikiwa imejaa na imepumzika inasoma 12.6, kweli, 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 nusu, chini ya 12 imekwisha. Lakini hiyo ni betri isiyofanya kazi yoyote! Betri iliyochoka inaweza kukupa 12.6 asubuhi na ikaanguka hadi 7 mara tu stata inapovuta. Namba ya kuamini ni ile unayoisoma stata ikiwa inavuta: betri nzima, katika hali ya hewa ya kawaida, isishuke chini ya 9.6.

Na kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau. Namba hiyo ikibaki juu sana, tuseme 11.8, na stata haizunguki, msifurahi. Betri haijaelemewa. Maana yake mkondo unazuiwa mahali fulani njiani.

Liliwahi kuletwa kwetu gari la namna hiyo. Lilikuwa limeshapita kwenye karakana nyingine, betri imebadilishwa, stata imefunguliwa na kuwekwa kaboni mpya, kebo ya kanyagio la mafuta nayo imebadilishwa kwa sababu ilikuwa ngumu na ganda lake limeungua. Hakuna aliyejiuliza kebo ya mafuta inaungulia nini. Ukizungusha ufunguo, tak, basi. Tukaweka mita kwenye betri: 12.6 ikiwa imepumzika, 11.8 ufunguo ukiwa umezungushwa. Tukaihamisha kwenye stata, ncha moja kwenye bolti yake kubwa, nyingine kwenye ganda lake: 6.6. Volti 5.2 zimepotelea njiani. Tukapima upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi bolti ya stata: 0.3, hakuna tatizo. Tukapima upande wa hasi, kutoka kichwa cha betri hadi bloku ya injini: 4.9. Jumlisheni: 6.6 na 0.3 na 4.9 ni 11.8. Mwanafizikia Kirchhoff alishalieleza hili mwaka 1845, kwamba volti zote zinazotumika kwenye mzunguko lazima zilingane na zile zinazotoka kwenye chanzo. Volti hazipotei kimiujiza, zina mahali pa kukaa, na mita inakuonyesha mahali hapo.

Mkanda wa ethi kati ya injini na bodi, ule unaorudisha mkondo kwenye hasi ya betri, ulikuwa umefungwa juu ya rangi. Giaboksi ilishushwa, bodi ikapigwa rangi pale chini, mkanda ukarudishwa bila kukwanguliwa mahali pake. Mkondo wa stata ukakosa njia pana ya kurudi, ukatafuta njia nyembamba, ukaipata kwenye kebo ya kanyagio la mafuta, ukaichoma. Msasa, bolti, dakika chache, gari likawaka. Mwenye gari alikuwa ameshanunua vitu vitatu asivyovihitaji. Hilo linaniudhi kila nikilikumbuka, kwa sababu kipimo kile kilihitaji mita ya bei ndogo kabisa na mtu wa kushika ufunguo.

Najua kuna mtu hapa anajisemea, "Mimi hupima waya za ethi kwa omu, yaani ukinzani wake, zikisoma sifuri naendelea." Usiendelee. Stata ya gari la petroli inaweza kuvuta ampea 150, ya dizeli zaidi ya hapo. Kiungo chenye omu 0.02 tu, mkondo huo ukipita, kinakula volti 3. Hesabu ni ya mwanafizikia Ohm, ya mwaka 1827, haijabadilika: 150 mara 0.02. Sasa mita yako, hizo nyaya zake zenyewe zina omu 0.1 au zaidi. Utaionaje 0.02? Na kebo iliyokatika nyuzi zote ikabaki na chache, omu zitasoma vizuri tu, kwa sababu mita inapitisha mkondo mdogo mno. Uzi unaoning'iniza kofia ukutani haukuambii kama kamba itavuta lori. Kwa hiyo pima volti, na pima mkondo mkubwa ukiwa unapita.

Nirudie namna yenyewe, maana huwa mnaniuliza. Gari liwe fri, breki ya mkono imekazwa, fyuzi ya pampu ya mafuta imetolewa ili injini isishike ghafla ukiwa umeinama. Mita iwe kwenye volti za DC. Ncha moja iguse kichwa cha betri chenyewe, ile risasi, siyo kibanio! Ukigusa kibanio umeshakiruka kiungo kinachoharibika kuliko vyote. Ncha nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Mtu azungushe ufunguo, usome. Ukipata 0.2 ni sawa. Ukifika 0.5, anza kutafuta. Unatafuta kwa kugawa: kichwa hadi kibanio, kibanio hadi bodi, bodi hadi injini. Kipande chenye namba kubwa ndicho kibovu. Halafu fanya vivyo hivyo upande wa chanya. Usiizungushe stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo, iache ipoe. Na ukishaacha, pitisha kidole kwenye viungo: kinachokula volti 3 kwa ampea 150 kinatoa wati 450 za joto, utakijua.

Sasa suala la kubusti, yaani kuwasha gari kwa betri ya gari jingine, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Fundi analeta betri ya pili, nyekundu anaweka kwenye chanya, nyeusi anabana kwenye chuma cha injini, kama inavyoshauriwa kwa usalama. Gari linawaka mara moja. "Mnaona? Betri imekufa." Ngoja kwanza! Ile nyaya nyeusi uliyobana kwenye injini imeupita mkanda mbovu wa ethi. Umeipa stata njia mpya ya kurudishia mkondo, hukupima betri. Mwenye gari ananunua betri mpya, unaifunga, haliwaki, na sasa unamwambia stata nayo imechoka. Kubusti ni msaada wa kumtoa mtu barabarani, siyo kipimo. Ukitaka kujifunza kitu kutokana na kubusti, bana nyeusi kwenye kichwa cha hasi cha betri ujaribu, kisha ihamishie kwenye injini ujaribu tena. Likikataa kwa kwanza na kuwaka kwa pili, mtuhumiwa umeshampata.

Mwingine atasema magari ya siku hizi ni kompyuta tupu, chomeka mashine usome hitilafu. Chomeka, sikukatazi. Lakini hakuna sensa kwenye bolti ya ethi. Mashine inakusomea kile kompyuta ya gari inachokiona, na kompyuta iliyoshushiwa umeme hadi volti 7 inaandika hitilafu za kila aina: breki, mikoba ya hewa, giaboksi, mawasiliano. Nimeona watu wakizifukuza moja moja. Rekebisha umeme kwanza, futa hitilafu zote, kisha soma upya zile zitakazorudi.

Muda unakwenda na bado sijagusa upande wa amri, basi nipite haraka. Taa zinang'aa na stata iko kimya kabisa: pima ule waya mdogo wa solenoidi ufunguo ukiwa umezungushwa. Volti zikifika pale karibu sawa na za betri na hakuna hata tak, solenoidi au stata ndiyo mbovu, hapo kaifungue kwa amani. Zisipofika, rudi nyuma: rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), fyuzi, swichi ya gia kwa otomatiki, swichi ya klachi kwa manyuo, yaani gia za mkono, kisha swichi ya ufunguo. Kwa otomatiki jaribu kuwasha ukiwa kwenye N, yaani fri. Likiwaka hapo na kukataa kwenye P, ile ya kuegesha, umeshajua ni swichi ya gia. Fyuzi usizipime kwa macho. Gusa vidoa vyake viwili vya juu kwa testa ya taa, pande zote mbili ziwake. Na taa ya imobilaiza, mfumo wa kuzuia wizi wa gari, muiangalie kabla ya yote hayo. Kuna magari ambayo imobilaiza inazuia stata, na mengine inaacha stata izunguke ila inakata mafuta au cheche.

Betri inayokufa usiku gari likiwa limelala ni mhadhara wa siku nyingine. Itoshe kusema mkondo wa kawaida gari likiwa limezimwa ni milliampea 50 au chini ya hapo, na lazima usubiri kama nusu saa kompyuta zote zilale kabla hujasoma. Nusu ampea inakula ampea-saa 12 kwa siku. Betri ya ampea-saa 60 haitakuvumilia wiki. Dayodi za oltaneta, jenereta ya gari inayochaji betri, nazo huvujisha, msizisahau. Na injini ikishawaka, soma betri: kati ya 13.8 na 14.7 oltaneta inachaji.

Mambo ya kukaza ethi nitayaonyesha kwa mikono: kwangua hadi chuma kitupu, kaza, kisha ndipo upake grisi kwa juu, siyo kati. Tutoke nje. Gari liko pale na fyuzi ya pampu nimeshaitoa. Nataka watu wawili, mmoja kwenye ufunguo na mmoja kwenye mita, na wa mita asome namba kwa sauti ili wa nyuma nao waandike.