"Mimi ni Mzigo": Mazungumzo na Vijana Kuhusu Kujiua

Asanteni. Nanyi mliosimama mlangoni, ingieni mkae. Viti vya mbele haviumi.

Nimekuja na maneno matatu ambayo vijana huniambia mara kwa mara: "Mimi ni mzigo." Hayaji na kilio. Huja kwa utulivu, kama ya mtu anayefunga hesabu za duka: shamba liliuzwa nilipiwe karo, chuo nimemaliza, kazi sina, na mdogo wangu karudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Nisipokuwepo watapumua.

Mwaka 2005 mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Joiner, alieleza kwamba tamaa ya kufa hukolea fikra hiyo inapokutana na ya pili: sina mtu wangu. Lakini ni fikra. Ni hesabu ya akili iliyochoka. Nimekaa na akina mama waliofiwa. Hakuna hata mmoja aliyeniambia amepumua.

Daktari Aaron Beck naye aligundua kuwa kukata tamaa, ile hali ya kuiona kesho imefungwa, huashiria hatari kuliko huzuni yenyewe. Basi ukimwambia "jikaze, wewe mwanamume", unamwongezea aibu juu ya giza.

Mtaniuliza: nikitaja kujiua si nitampa wazo? La. Tafiti zimelipima swali hilo, na kuuliza hakupandi wazo. Uliza waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Ukisema "usije ukafanya ujinga", umeshamwonyesha jibu unalotaka kusikia. Akikubali, usihubiri. (Kuhubiri tunakupenda mno sisi.) Msikilize, usimwache peke yake, kiondoe karibu naye chochote anachoweza kujidhuru nacho, kisha mwende pamoja hospitali. Na hofu ya polisi isiwazuie: hapa Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai.

Kuna jambo dogo nalipenda kuliko yote. Huko San Francisco, daktari Jerome Motto aliwafuatilia watu waliolazwa hospitali kwa sababu ya sonona au fikra za kujiua, kisha wakakataa kuendelea na matibabu. Nusu yao wakawa wanapelekewa barua fupi kwa miaka mitano. Barua hazikudai kitu: tunakukumbuka, tunatumaini u mzima, ukipenda tuandikie. Katika miaka miwili ya mwanzo, waliojiua walikuwa wachache zaidi miongoni mwa waliopata barua kuliko miongoni mwa wasiopata. Karatasi tu! Nyinyi mna simu mkononi. Yule aliyetoka kimya kwenye kundi la WhatsApp mwezi uliopita, mwandikie leo: "Nimekukumbuka, si lazima ujibu." Wiki ijayo mwandikie tena.

Mimi nitakuwa pale nje chini ya mwembe mpaka magharibi. Ukija useme ni habari za rafiki yako, nitazisikiliza kwanza hizo za rafiki.