Mafua makali yakiingia shuleni, tumejipangaje?

NYAMIZI: Karibuni wasikilizaji wetu wa hapa Mwanza, Kirumba, Igoma, Buhongwa, na ninyi wa ng'ambo kule Sengerema na Ukerewe. Leo kaka Masanja ana hoja moja, na naona atakomaa nayo mpaka mwisho.

MASANJA: Nitakomaa nayo, dada. Shule zikisikia kuna ugonjwa wa njia ya hewa unazunguka, iwe mafua makali au UVIKO-19, zinakimbilia ndoo na sabuni. Ni jambo jema. Lakini mtoto anayeumwa anaendelea kuja darasani kwa sababu mzazi anaogopa. Mtoto ataandikwa mtoro, atapitwa na jaribio, pengine atachapwa akirudi. Mimi nasema maandalizi yaanzie hapo. Mzazi atangaziwe mapema kwamba mtoto mwenye homa na kikohozi akibaki nyumbani, huo si utoro.

NYAMIZI: Abaki siku ngapi? Mzazi lazima atauliza.

MASANJA: Aangalie homa. Ikate kwa saa 24 bila panadol, na hali nzima iwe inaelekea kupona. Ukimpa panadol alfajiri, homa inashuka, anapanda daladala mchangamfu. Saa nne anachemka tena, na wenzake wa dawati lile lile wameshavuta hewa yake.

NYAMIZI: Hapa kwetu kuna mtego mwingine. Kanda ya Ziwa mtoto akichemka tu, tunasema malaria. Mama anapita duka la dawa, ananunua mseto, dawa ya malaria, bila kipimo, kesho mtoto yuko shule anakohoa.

MASANJA: Na hata akipimwa akakutwa na malaria kweli, bado anaweza kuwa na mafua juu yake. Kwa hiyo apelekwe zahanati, apimwe, na kikohozi kitajwe. Ila kuna dalili ambazo hazisubiri kesho: akipumua kwa kasi au kwa shida, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunywa, akilegea, akipata degedege. Hapo ni kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

NYAMIZI: Sasa kaka, umesema abaki nyumbani. Na nani? Mama yuko soko la samaki la Mwaloni tangu alfajiri na biashara yake ya dagaa. Baba ni mvuvi, usiku wa giza yuko ziwani na taa zake, mchana amelala hoi.

MASANJA: Hilo ndilo gumu, na shule peke yake hailiwezi. Kamati ya shule ikae na mwenyekiti wa mtaa, wazazi wa jirani wapangane mapema nani ana mtu mzima anayeshinda nyumbani. Ila asiwe bibi mzee mwenye shida ya kifua, maana mafua makali yanawaumiza sana wazee.

NYAMIZI: Na kikao chenyewe kiitishwe kwenye mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa wanapumzika mwezi ukiwa mkubwa, akina baba wanapatikana. Mkiita usiku wa giza mtaongea na nusu ya wazazi, halafu mseme wazazi hawajali. Hilo huwa linaniuma.

MASANJA: Umesema kweli tupu. Niongeze rejesta. Mwalimu wa darasa kila asubuhi anaita majina. Aandike na sababu: homa, kikohozi, tumbo. Leo wamekosa wawili, kesho watano wa darasa hilo hilo, wote kikohozi: mwalimu mkuu anapiga simu zahanati siku hiyo, hangoji Ijumaa. Na kuna namba 199 ya Wizara ya Afya, haina gharama.

NYAMIZI: Lakini mwenye mafua makali huanza kuambukiza kama siku moja kabla hajajisikia vibaya. Rejesta haitamwona huyo.

MASANJA: Haitamwona. Huyo dawa yake ni hewa. Madirisha ya pande zote mbili yawe wazi, upepo wa ziwa upite. Kuna madarasa madirisha yamepigiliwa mbao tangu kioo kilipovunjika. Yafunguliwe sasa, kabla ya ugonjwa. Na pale watoto wamebanana, kipindi cha kusoma kwa sauti kifanyike chini ya mwembe.

NYAMIZI: Hata anayesubiri kuchukuliwa akae nje kivulini, na barakoa, mwalimu akiwa karibu. Siyo kufungiwa stoo kama mkosaji. Mtoto akiaibishwa leo, kesho ataficha kikohozi.

MASANJA: Maji nayo yasisahaulike. Bomba likikauka, kibuyu chirizi kinatosha: dumu, kamba, kijiti cha kukanyaga, sabuni pembeni. Mikono isuguliwe sekunde 20. Na kikombe kimoja cha uji kisizunguke darasa zima.

NYAMIZI: Chanjo? Surua nayo hupita kwenye hewa, na virusi vyake hubaki chumbani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka.

MASANJA: Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18, na ile ya pili ndiyo wengi wanaisahau. Wakati wa kuandikisha watoto, mwalimu aombe kadi ya kliniki. Aliyekosa asikataliwe shule, aelekezwe kliniki.

NYAMIZI: Maana tunajua kufungiwa kulivyo. Shule zilifungwa Machi 2020, wengi hawakurudi darasani mpaka 29 Juni.

MASANJA: Na wapo waliokwishazoea kupata hela ya dagaa, kuwarudisha ilikuwa kazi. Sitaki tufike huko tena kwa sababu ya dirisha lililopigiliwa mbao.

NYAMIZI: Walimu mnaotusikiliza, tutumieni ujumbe: shuleni kwenu nani anaangalia rejesta, na mtoto mgonjwa anasubiri wapi? Wiki ijayo tutasoma majibu yenu hapa, bila kutaja shule.